Upande wa Mama Bariki

Halivuji. Hivyo ndivyo nilivyosema miezi mitano mizima, tangu vuli hadi masika, na nilisema kwa sauti ya mtu mwenye gari. Nani mwingine kule kwetu Akheri alikuwa na pikapu mwaka wa hamsini na sita? Ilikuwa ya mzungu mmoja mwenye shamba pale Usa, karibu na kwetu, aliyerudi kwao Ulaya. Nikainunua kwa kahawa yangu, nikajifunza kuiendesha bila mtu kunishika mkono. Halafu mwanamke ananiambia gari linavuja!

Mwanamke huyo ni Hanna, mke wangu. Yeye alikaa kiti cha kushoto, amempakata mtoto wetu Bariki, mimi nimeshika usukani upande wa kulia. Mvua ikinyesha alijivuta mbele, akajifunika khanga shingoni.

"Baba Bariki, kioo cha nyuma kinavuja. Maji yananidondokea."

Mimi nikatazama upande wangu: pakavu. Nikapapasa kioo nyuma ya kisogo changu: kikavu. "Hakivuji," nikamwambia. "Hilo ni jasho lako." Siku nyingine akasema anadhani maji yanatoka juu, si kwenye kioo. Nikamwambia mambo ya magari aniachie mimi, yeye ashughulike na migomba.

Mwezi wa tatu tulitoka mjini Arusha mvua ikimwagika njia nzima. Tulipofika nyumbani Bariki alikuwa amelowa mgongo, na baada ya siku mbili kifua kikambana, akawa anapumua kwa shida hata mimi nikaogopa. Alilazwa hospitali wiki mbili. Alipopona, Hanna hakurudi Akheri. Alikwenda kwa baba yake, Maji ya Chai, akanitumia neno moja tu kwa mama mmoja muuza ndizi: siku gari litakapoacha kuvuja, nikamchukue.

Basi nikabaki peke yangu. Sikufichi, nyumba ilinishinda. Nilipika ndizi zikaungua, nikazila hivyo hivyo nimesimama. Zamani kila jioni Bariki alikuwa akigonga sufuria kwa mwiko, nami nikimgombeza kwa kelele. Sasa ilikuwa kimya, kimya mpaka siku moja nikachukua mwiko nikagonga sufuria mwenyewe, kisha nikaona haya, ingawa hapakuwa na mtu wa kunicheka.

Si kwamba sikuwa na jirani. Kaka yangu Solomoni anakaa ng'ambo ya mfereji, hatua mia moja tu. Lakini tulikuwa hatusemezani, mwaka wa pili huo, kwa sababu ya zamu ya kumwagilia mashamba kwa maji ya mfereji. Akipita njiani, mimi nageukia kahawa yangu kama mtu anayehesabu majani. Kaka yangu mkubwa, tumbo moja, na sikumpa shikamoo.

Gari nikalipeleka mjini kwa Harbans, Singasinga mwenye gereji. Akatoa raba ya zamani iliyoshika kioo, akatia mpya, kazi safi kabisa. Kisha akachukua ndoo ya maji.

"Ingia ndani, kaa kushoto," akasema. "Mimi namwaga, wewe unatazama. Kutafuta maji ni kazi ya watu wawili." Mara akainua macho kwenye keria niliyoifunga juu ya paa kwa ajili ya mikungu ya ndizi. "Nani alitoboa bati hapa?"

"Mimi."

"Matundu uliziba na nini?"

Ebo! Nimemletea kioo, yeye ananikagua paa! Nikamwambia nimekuja kutiwa raba, sikuja kufundishwa, na kama kazi imemshinda aseme. Harbans akaweka ndoo chini polepole. "Raba nimeshatia," akasema. "Kwaheri, bwana." Nikawasha gari nikaondoka.

Hata hivyo lile neno la watu wawili lilinifuata mpaka nyumbani. Nikajaza ndoo mferejini, nikapanda, nikamwaga, nikaruka chini, nikafungua mlango wa kushoto. Kiti kimelowa chapachapa. Lakini maji yamepitia wapi? Yameshapita! Nikarudia. Nikarudia tena. Mara ya nne niliteleza nikaanguka chali kwenye tope, na ndoo ikanifuata.

Nilipoinua kichwa, Solomoni alikuwa ng'ambo ya mfereji, amesimama na jembe lake, ananitazama. Angecheka ningemjibu vibaya. Hakucheka. Alisogea hadi ukingoni kabisa, akangoja. Nami nikajifanya natafuta kitu chini ya gari, nikakitafuta kitu hicho kisichokuwapo mpaka akageuka akarudi kwake. Mgongo uliniuma siku ile, lakini kule kuondoka kwake kuliniuma zaidi.

Nikaomba lami kwa watu waliokuwa wakitengeneza barabara, nikapaka kioo pande zote nne mpaka kikabaki kitundu cha kuchungulia. Siku nne mvua haikunyesha, na siku nne gari halikuvuja hata tone. Nikaamini. Mtu akitaka kuamini haulizi mengi. Jumapili baada ya ibada nikavaa koti langu, nikashika njia ya Maji ya Chai.

Baba mkwe wangu, Mzee Aminieli, alikuwa amekaa mlangoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akatazama nyuma yangu, akalitazama gari, akatazama tena nyuma yangu. "Umekuja na nani?"

"Peke yangu, baba. Gari limepona."

"Sikuuliza gari."

Nilijua anachouliza. Kwetu mke akirudi kwa wazazi, mume hamfuati peke yake. Unakuja na mkubwa wako, yeye ndiye anayesema, na mambo yakiharibika tena yeye ndiye anayeulizwa. Mzee akanyanyuka. "Kidole kimoja hakivunji chawa, Melkizedeki," akasema, akaingia ndani kumwita binti yake.

Hanna akatoka, Bariki mgongoni. Mtoto alikuwa amenenepa. Aliponiona akaficha uso kwenye bega la mama yake. Wiki chache tu, na ameshanisahau! Hilo lilinichoma moyo, sikulitegemea. Hanna akanisalimia vizuri, kama anavyosalimiwa mgeni, kisha akaiangalia lami.

"Limeacha kuvuja?"

"Halivuji."

"Haya, kaa pale ninapokaa mimi."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akampa mama yake mtoto, akaja na ndoo ya maji. "Kaa, Baba Bariki."

Unajua, sikuwahi kukaa kiti kile. Gari langu mwenyewe! Nikakaa, akanifungia mlango. Nikamsikia akipanda nyuma, akamwaga maji taratibu, kidogo kidogo, si kama mimi niliyekuwa nikimwaga kwa hasira. Kimya. Nikaanza kutabasamu. Halafu tone la kwanza likanipiga shingoni, baridi, likateremka ndani ya kola mpaka mgongoni. Likaja la pili. Likaja la tatu.

Nikageuka. Kioo kikavu. Raba ya Harbans kavu. Lami yangu yote kavu. Maji yalikuwa yanaanzia kwenye bolti ya keria, bolti niliyoitia kwa mkono wangu, yanafuata kitambaa cha ndani ya paa mpaka kwenye kona juu ya kioo, na hapo yanadondoka. Yanadondoka palepale Hanna alipokuwa akimlaza mtoto begani. Sikutoka haraka. Nilikaa nikayaacha yanimwagikie, maana nilistahili.

Hanna akafungua mlango. "Umeyaona?"

"Nimeyaona. Yanatoka juu."

"Nilikwambia."

"Uliniambia," nikasema. "Nisamehe, Mama Bariki. Nitaziba leo hii. Panda twende nyumbani."

Alishika mlango, na nikadhani atapanda. Kisha akatikisa kichwa. "Bolti utaziba, najua. Mikono yako haina shida. Lakini kesho nikikwambia jambo jingine, nani atakufanya usikie? Nenda kamlete Solomoni."

"Solomoni hatusemezani."

"Ndiyo maana," akasema, akaenda kumchukua mtoto.

Mvua ilinikuta njiani, pale Tengeru. Kiti cha kushoto kilikuwa kitupu, na kila tone lilipiga ngozi ya kiti: to, to, to. Nilikuwa sijawahi kuisikia sauti hiyo. Miezi mitano ya mvua na sikuisikia, kwa sababu maji yalikuwa yanamwangukia yeye. Nikalia, mtu mzima, mikono kwenye usukani, na hapakuwa na mtu wa kuniambia nyamaza.

Nilipofika njia ya kuingilia kwa Solomoni nilisimamisha gari, nikakosa nguvu ya kushuka. Miaka miwili nimewaambia watu kwamba zamu ile ya maji ilikuwa yangu. Ilikuwa yake. Nilijua tangu siku ileile. Nikapiga honi mara moja, kidogo, nusu nikitaka asiisikie.

Solomoni akatoka amejifunika gunia kichwani. Akazunguka, akafungua mlango wa kushoto, akakaa, akaweka gunia miguuni.

"Shikamoo, kaka."

Akatazama macho yangu mekundu na kola yangu iliyolowa. "Marahaba," akasema.

Mvua ikapiga paa. Baada ya muda akashika shingo yake, akatazama kiganja, akainua macho juu.

"Gari lako linavuja," akasema.

"Linavuja, kaka," nikasema. "Linavuja tangu vuli."