Ekspozisyo ya Waliopotea

Mimi ni mwanamke wa kuchungulia, na sioni haya kusema. Macho hayana pazia. Kwa hiyo redio ilipotangaza kwamba jumba kubwa la makumbusho la Kinshasa limetuletea hapa Kindu, kwa wiki mbili tu, "ekspozisyo ya wale walipotea na vita", nilikuwa nimeshavaa viatu kabla mtangazaji hajafunga mdomo.

Nikampitia jirani yangu Germaine twende wote. Nikamkuta mlangoni, kitambaa cheusi kichwani, mkeka kwapani, macho mekundu.

"Rachida, wamewapata," akasema. "Leo wanabaekspoze."

Hapa kwetu neno hilo lina kazi moja. Mkristo akifa, anavalishwa vizuri, analazwa watu wapite wamtazame kwa mara ya mwisho, ndipo apelekwe kaburini. Hiyo ndiyo ekspozisyo. Sisi Waislamu maiti wetu hakawii kuzikwa, lakini neno tunalijua sote.

Dieumerci, mwana wa Germaine, aliondoka hapa mtaani kwetu Mikelenge wakati wa vita, siku zile treni ilipokuwa imekufa na chumvi tukiilamba kwa ncha ya kidole. Alipakia nguo za mitumba kwenye baiskeli akaelekea mji wa Kama, arudi na mafuta ya mawese. Hakurudi yeye wala mafuta. Tangu hapo Germaine amekataa kumfanyia matanga. Matanga bila maiti, husema, ni kumuua mtoto kwa mdomo wako mwenyewe. Siku moja ulimi uliniteleza, nikasema "Mungu amrehemu". Aliacha kunisalimia mpaka masika yakaisha.

"Labda njo mapicha tu," nikamwambia.

"Twende."

Njia nzima alitembea mbele yangu. Mimi nilikuwa na maswali tele. Je, wamewatoa wapi? Watamjuaje baada ya miaka yote hii? Watu wa Kinshasa huwawezi, nikajisemea, labda wana mashine yao.

Ukumbini tulipokewa na kijana wa makumbusho, Michel, mpole, amevaa glavu nyeupe kama mtu wa komunyo ya kwanza. Ukutani palikuwa na picha. Mezani palikuwa na sufuria iliyotobolewa na risasi, viatu vilivyokatwa kwenye mpira wa gari, na redio iliyofungwa kwa kamba. Mimi nilitamani kugusa kila kitu. Germaine hakutazama hata kimoja. Alikuwa anatafuta majeneza.

"Maiti iko wapi?" akauliza.

Michel akashtuka. "Maiti? Hapana, mama. Ekspozisyo hii ni maonyesho. Ni vitu vya wakati wa vita, watu wavione."

Niliona aibu kwa niaba ya jirani yangu, kisha nikaikasirikia redio na wote wanaosemea ndani yake. Germaine alisimama tu, mkeka kwapani. Nilidhani atageuka turudi nyumbani. Badala yake akaenda katikati ya ukumbi, mahali palipozungushiwa kamba, ndani yake baiskeli moja yenye kutu.

"Wameandika nini hapa?"

Michel akamsomea: "Baiskeli ya mchuuzi. Iliokotwa kando ya barabara ya Kama. Mwenyewe hajulikani."

Germaine akatandika mkeka pale pale, akavua viatu, akakaa.

"Mama, hapa watu wanapita tu, hawakai," Michel akasema. Germaine akanyoosha miguu. Kijana akanitazama mimi, nami nikainua mabega.

Nikaikagua ile baiskeli vizuri, na nilichokiona kikanikata maini. Ilikuwa baiskeli ya kike, kinga ya kike kama tusemavyo hapa kwetu. Nikachutama, nikamnong'oneza.

"Germaine, hii haiko kinga ya Dieumerci. Ile yake ilikuwa na chuma ya juu. Bibiche alikuwa anaikaliaka pale, musichana wake."

"Ninajua," akasema. "Mimi njo nilimununulia. Niliona tangu mulangoni."

"Sasa utamulilia nani?"

Akalitazama gurudumu kwanza.

"Hii kinga haina mwenyewe, na mimi sina maiti. Huyu alipotea na hii kinga, naye iko na mama yake fasi fulani, hajue kama kinga ya mutoto wake iko hapa watu wanaitazama. Nitamulilia mutoto wake." Akafunga kitambaa vizuri. "Labda kule Kama iko mwanamuke alishaka kunililia wangu."

Kisha akalia. Alilia kwa sauti, akimtaja Dieumerci kwa jina, na yule mwingine akamwita "mwenzake". Michel akaifungua kamba, akaikunja, akaiweka kando. Nami niliyekuja kutazama nikavua viatu nikakaa naye mkekani.