Nani Atakulaza?

Siku niliyoamua kupasuliwa pua, habari ilinijaa mpaka nikaona nikichelewa kuisema nitapasuka mwenyewe, bila daktari. Nikaanza na Redio. Redio ni mwenzangu kazini, pale duka la miwani, na jina hilo hakupewa kwa kuonewa.

"We!" akapiga kelele mbele ya wateja. "Unaipasua hiyo?"

"Naipunguza, dada. Hapa juu naichonga kidogo, huku pembeni naibana."

"Ibane, ibane! Maana fremu ikikaa hapo inaomba msaada."

Tukacheka. Nilikuwa nasafisha vioo. Duka la miwani ni vioo kila mahali, ukutani, mezani, hadi kwenye milango ya makabati. Huwezi kujikwepa, na mimi nilikuwa nimejichoka. Si kwamba pua ni mbaya, jamani. Ni kwamba si yangu. Ni ya shangazi, dada mkubwa wa baba, aliyefariki mimi nikiwa mtoto mdogo. "Umemchukua shangazi yako mzima mzima," ndivyo mama anavyosema, na ukoo mzima unaitikia. Nimemchukua! Kama vile nilimwibia. Ukikua unaambiwa hivyo, kuna siku unaanza kuogopa kwamba mwenyewe atakuja kudai chake. Na baba ndiyo kabisa. Nikicheka tu, anageuza uso, anatafuta kitu dirishani.

Alikufaje? "Alilala tu, hakuamka." Jibu la nyumbani lilikuwa hilo, na mimi lilinitosha. Nilikiona kifo kizuri, shuka safi, mto, mtu kajilalia zake.

Basi, katikati ya kucheka nikainua macho kwenye kioo cha mezani. Mimi nacheka. Yule wa kwenye kioo hacheki. Kafumba macho.

Hebu fikirieni kidogo. Nani amewahi kujiona kwenye kioo akiwa amefumba macho?

Kitambaa kikanidondoka. Nikasikia sauti, na haikuwa sikioni, ilikuwa karibu zaidi ya hapo. Sauti ya mtu anayekuvutia shuka mpaka kidevuni.

"Nani atakulaza?"

"Unasemaje?" nikamgeukia Redio.

"Mimi? Leo nimenyamaza kwa mara ya kwanza, na bado nasingiziwa!"

Shangazi ndiye aliyekuwa akinilaza utotoni, mama alishanisimulia. Kwa hiyo nikajiambia ni kumbukumbu tu, imepotea njia. Na dawa yake ni kuiondoa hii pua haraka. Pua ikitoka, na yeye atatoka, niachiwe uso wangu.

Daktari tulimpata kwenye simu ya Redio. Alikuwa na wafuasi utadhani ana timu ya mpira, meno meupe ya kutisha, na picha za watu kabla na baada.

"Mwone huyu," Redio akasema. "Kaingia na kiazi, katoka na kalamu."

Ofisi yake ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vigae. Ngazi zilinukia manukato. Ndani kulikuwa na sofa jeupe, maua ya plastiki, na kitanda kimoja nyuma ya pazia lisilofunga vizuri. Bwana Meno akanishika pua kwa vidole viwili kama mtu anayechagua nyanya.

"Kazi ndogo hii. Asubuhi unaingia, mchana unakula kwenu na pua mpya."

"Samahani, dokta, umesomea wapi?" Redio akauliza.

"Mikono ndiyo inayosoma, mrembo." Akanipa kioo cha mkono. "Haya, iage."

Nikakiinua. Ni yeye tena, kafumba macho. Ila safari hii kioo kilinionyesha na alichokilalia. Haukuwa mto. Ilikuwa plastiki nyeusi inayong'aa, kama ile ya kitanda cha nyuma ya pazia.

Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. "Nani atanilaza?"

"Enh?"

"Dawa ya usingizi. Daktari wa usingizi ni nani?"

"Si mimi hapa hapa? Kasindano tu. Kwani kulala ni kazi?"

"Na wakati unachonga pua, nani anaangalia kama napumua?"

Meno yakafungwa. "Wewe umekuja kupendeza au umekuja kunipa mtihani?"

Nilipogeuka, Redio alikuwa ameshafika mlangoni na mkoba wangu.

Nyumbani nilimkuta baba sebuleni anapiga pasi shati la kazi. Baba anafundisha watu kuendesha magari. Maisha yake yote kakaa upande wa abiria, penye breki yake mwenyewe, kwa hiyo hashtuki ovyo. Nikamimina yote, pua, ngazi, sofa, meno. Alikuwa akinisikiliza hata akitabasamu. Nilipofika pale pa "akasema atanilaza mwenyewe", nikaona mguu wake wa kulia unakandamiza sakafu, kwa nguvu, kama vile mbele yetu kuna mtoto anavuka barabara.

Pasi ilikuwa bado juu ya shati. Mama akaja, akaiinua.

"Mwambie," mama akasema.

"Nimwambie nini? Si anajua alilala?"

"Mwambie nani alimlaza."

Baba akaniambia akiwa anaangalia lile shati lililoungua. Shangazi alitaka kupunguza pua. Pua hii hii. Akampata mtu mwenye chumba nyuma ya duka, msafi, mcheshi, anafanya kila kitu peke yake. Baba ndiye aliyemsindikiza. Alikaa nje kwenye benchi, kashika viatu vyake vya visigino, maana shangazi aliogopa vitaibiwa. Aliwasikia ndani wakitaniana. Halafu kukawa kimya, akajua kazi imeanza.

"Nikatulia nisije nikamsumbua daktari," baba akasema. "Nimetulia, mwanangu, nimetulia kweli. Kumbe yule mtu alishatokea mlango wa nyuma, na dada yangu yuko mle ndani peke yake."

Sasa nikaelewa. Alilala tu, hakuamka. Hakuna aliyewahi kunidanganya. Miaka yote waliniambia ilivyokuwa, neno kwa neno, na mimi nikaweka shuka na mto.

Nilidhani atanikataza. Natamani angenikataza, tungegombana yakaisha. Akauliza tu, "Bado unataka kuipunguza?"

Nikamfikiria yule wa kwenye kioo. Hakuwahi kuniambia nisiende. Swali lake lilikuwa moja.

"Bado nataka, baba."

"Basi nakupeleka mimi. Na ndani tunaingia wote."

Alianzia baraza la madaktari. Hakutaka kujua kama mtu ni daktari tu, alitaka kujua kama kasajiliwa kwa upasuaji wa aina hiyo hasa. Tukaishia kwa daktari bingwa mmoja, mama mfupi asiyejipaka chochote, anayefanya kazi hospitali kubwa yenye wodi ya wagonjwa mahututi. Baba akamhoji kama anayemtahini dereva. Umefanya pua ngapi? Damu isipokata unafanyaje? Mapigo yakishuka? Nikaona aibu, natamani kuingia chini ya meza. Yule mama akajibu moja moja bila kununa, kisha akamwita daktari wa usingizi aje ajieleze mwenyewe.

Akaja mwanamume mpole mwenye sauti ya chini. Nina pumu? Natumia dawa gani? Halafu: "Katika familia, kuna aliyewahi kupata shida na dawa ya usingizi?"

"Yupo," baba akasema. Nikashtuka. Hakusema "alikuwepo".

Mwishoni daktari wa pua akaniuliza mimi. "Na wewe unataka nini hasa?"

"Nataka nikijitazama nisimwone marehemu."

"Pua naiweza. Hilo lingine sijui linakaa wapi, kwa hiyo siwezi kulikata. Nenda ukafikiri. Ukirudi, uwe unataka pua tu."

Nikaenda, nikafikiri, nikarudi. "Nataka pua tu," nikasema. Nilikuwa nadanganya.

Siku yenyewe, yule mpole akanishika mkono chini ya zile taa. "Ninayekulaza ni mimi, na nitakayekuamsha ni mimi. Sitoki humu." Na kweli, niliamka nikamkuta, ananiita jina langu, ananiambia nivute pumzi. Nililia kama mtoto. Nilikuwa hai, nina kiu, na uso umevimba kama andazi.

Uvimbe ukaisha, plasta ikatolewa. Redio akaja nyumbani na simu yake tayari kwa picha.

"Jamani! Nani huyu? Mtuitie mwenyeji, huyu hatumjui!"

Pua ilikuwa nyembamba, imenyooka, nzuri kupita nilivyoomba. Nikacheka mpaka pua mpya ikaniuma. Ndipo baba akaingia, anatoka kazini, funguo za gari mkononi. Akasimama mlangoni. Akanitazama usoni, moja kwa moja, bila kupepesa, na funguo zikaacha kulia. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo," akasema.

Redio akaangua kicheko. "Baba! Unamwamkia mtoto?"

Baba hakucheka. Alibaki ameinama, anasubiri, mdogo ghafla kama kijana wa shule. Nikataka kumwambia baba, acha utani, ni mimi. Nilikuwa na maneno hayo tayari.

"Marahaba, mdogo wangu," nikamwitikia.