Sanduku Jeupe kwenye Njia ya Buleusa

Séraphin alikuwa amebakiza skrubu mbili za bawaba ya mwisho. Alizikaza polepole, akifungua na kufunga kifuniko kila baada ya mzunguko, maana kazi mbovu ilimuudhi hata pale ambapo hakuitaka kazi yenyewe. Na hii hakuitaka. Kwa miaka kumi na tisa alitembea vilima vya Masisi na mkoba wa ngozi ya ng'ombe alioushona mwenyewe, kila patasi ndani ya ala yake, randa chini, msumeno umefungwa ubavuni. Sasa, mwaka huu wa 1968, barua ilikuwa imefika Nyabiondo kutoka kwa msimamizi wa ujenzi wa zahanati ya Buleusa, kule Walikale. Kila seremala aje na sanduku la mbao lenye kufuli, linalotosha vifaa vyake vyote. Asiye na sanduku hatapewa kazi ya fundi, atabeba mawe.

"Vyote" ilimaanisha na msumeno pia. Basi sanduku likatoka na urefu wa karibu mita nzima.

"Iko muzuri," alisema Benoît, shemeji yake, mwashi, aliyekuwa amekaa kizingitini akimngoja. "Ukichoka mu njia, utalala ndani."

"Na wewe hawakukuomba sanduku?"

"Ndoo yangu njo sanduku."

Séraphin hakucheka. Alipanga vifaa ndani, akakunja mkoba mtupu na kuulaza juu yavyo, kwa kuwa moyo wake ulikataa kuuacha nyumbani. Kulikuwa na manyunyu, kwa hiyo mkewe Emérita akafunika mbao mpya kwa kitambaa cheupe, wakamtwika.

Buleusa ilikuwa mwendo wa siku mbili. Benoît alitangulia akifyeka majani yaliyolalia njia. Séraphin alifuata visigino vyake, shingo imekaza, asiweze kugeuka kulia wala kushoto. Walipopita mashamba ya maharagwe alisikia nyayo nyuma yake. Akadhani ni watu wa soko. Nyayo ziliongezeka, lakini hakuna aliyesalimu, na hilo lilimshangaza kidogo.

Kwenye kijito akamwomba Benoît amtue. Ndipo akageuka.

Watu tisa walikuwa wamesimama nyuma yake kimya. Wanaume wamevua kofia. Wanawake wamejifunga vitenge kiunoni, mikono mitupu, matope ya shamba bado vidoleni. Kwenye vilima vile hakuna anayemuuliza mtu aliyebeba mtoto aliyekufa ni wa nani. Unaweka chini ulichoshika, unafuata. Jina utalisikia kaburini.

Mbele yao alisimama Mukandori. Séraphin alimfahamu, aliwahi kumtengenezea mlango. Masika yaliyopita mama huyo alimzika binti yake wa miaka minne. Uso wake ulikuwa umelowa, na si kwa manyunyu.

"Papa Séraphin," alisema kwa sauti ndogo, "ni mutoto wa Emérita?"

Séraphin alipiga goti. Akaondoa kitambaa, akafungua kifuniko. Mukandori akasogea, akainama, akaona msumeno.

Mtu mmoja nyuma aliguna kama anayezuia kicheko. Mukandori hakucheka.

"Nimeacha jembe tangu kilima kile," alisema. "Nimelia njia yote. Mbona munatufanyia hivi, Papa?"

"Walisema ku biro ya kazi nije na sanduku, Mama."

"Kwa kubeba nyundo?"

Hakungoja jibu. Alipanda kilima peke yake, na wengine wakamfuata wawili wawili. Séraphin alikikunja kitambaa kile, akakitia kwapani, akaliacha sanduku linyeshewe mpaka Buleusa.

Evode, msimamizi wa ujenzi, alikuwa kijana mwenye kalamu tatu mfukoni. Aligonga ubao wa sanduku kwa vidole, akaridhika. "Leo unafanana na fundi."

Séraphin alimweleza yaliyotokea njiani, hatua kwa hatua, bila kuongeza kitu.

"Uandike juu yake: vyombo vya kazi," alisema Evode.

"Mama Mukandori hajui kusoma."

"Papa, mwaka jana patasi ine zilipotea hapa. Mufuko hauna kufuli."

Séraphin aliyapima maneno hayo, kwa sababu yalikuwa na ukweli. "Hapo uko na haki," alisema mwishowe. "Hapa ku kazi, sanduku iko muzuri. Ikae hapa, tufungie vyombo mangaribi. Mu njia nitabeba mukoba."

"Barua inasema fundi anakuja na sanduku, anarudi na sanduku. Kama iko zito, bibi yako abebe. Si banamuke banabeba muzigo na kamba ku paji ya uso?"

Benoît, aliyekuwa akichanganya udongo, aliacha koleo.

Séraphin hakupaza sauti. Alichuchumaa, akafungua kufuli, akatoa mkoba, akaanza kuhamisha vifaa kimoja kimoja, kila patasi kwenye ala yake. Alipomaliza alisimama, akaweka ufunguo juu ya meza ya Evode.

"Bibi yangu anabeba mihogo yake, kuni zake na batoto bake. Randa yangu nabeba mimi. Kama unanifukuza, andika. Na sababu pia uandike. Nitasomea bantu karatasi iyo nyumba kwa nyumba mpaka Nyabiondo, na kwa Mukandori njo nitaanza."

Akatundika mkoba begani, akapanda ngazi iliyoegemea ukuta wa zahanati.

Evode aliingia ofisini, akatoka na karatasi. Aliandika tarehe. Akatazama juu, ambako Séraphin alikuwa akipima boriti kwa kamba yenye mafundo.

"Niandike umekataa nini?"

"Andika: alileta vyombo vyote, ndani ya mukoba."

Kalamu haikusogea. Mawingu yalikuwa yameshuka juu ya msitu, na kuta za matofali mabichi hazikuwa na paa. Seremala mwingine alikuwa mbali, siku mbili kwa miguu. Evode akaikunja karatasi, akaitia mfukoni.

"Umupe misumari," alimwambia Benoît bila kumtazama. "Kesho tutaongea."

"Tutaongea," Séraphin alijibu kutoka juu, bila kuacha kupima.

Kenchi mbili za kubeba paa zilisimama kabla ya giza. Ya tatu wakaifunga kwa kamba, mguu mmoja ukutani na mwingine hewani, wakaiacha hadi kesho.