Kuachiana Joto

8

Namba hiyo hapo juu ni ya ini la Sekela Mwakalinga. Kila mwezi wanamtoa damu, wanapima vimeng'enya vya ini, wanamwandikia. Zilizokufa ni figo. Ini halijawahi kumsumbua mtu.

7

TANGAZO
Wagonjwa wa kusafishwa damu mnakumbushwa:
kila mtu aje na blanketi lake.
Mablanketi YASIAZIMISHWE.
Uongozi

8

Nani alisikiliza?

Mbeya mwezi wa sita si mchezo. Damu yako inatoka nje, inazunguka kwenye mashine, inarudi mwilini na ubaridi unaofika mpaka kwenye magego. Kwa hiyo anayemaliza humwachia anayeingia kiti pamoja na blanketi lililokwisha kupata moto. Wenyewe wanaita kuachiana joto. Anayeondoka na blanketi lake ni mchoyo, na mchoyo mle ndani hapati wa kupiga naye soga.

Sekela alikuwa akiachiwa na rafiki yake, Atupele. Blanketi la rangi ya maziwa, kona moja ina tone la damu lililogeuka kahawia, limeshinda kila sabuni.

9

"Atupele wamempeleka wapi?" Sekela alimuuliza nesi.

"Chumba cha kioo, ametengwa. Ana homa ya ini."

"Si juzi tu walimwambia ini lake zima?"

"Walimwambia."

14

Walipungiana mikono kupitia kioo. Macho ya Atupele yalikuwa yamegeuka manjano. Alisema kitu, mdomo ulionekana, sauti haikupita. Sekela akaitikia kwa kichwa, kwa heshima tu, bila kujua amekubali nini.

Wiki ile ile Atupele



Blanketi lilibaki kwa Sekela.

19

Wewe unayesoma, weka kiganja chini ya mbavu zako za kulia. Hapo ndipo ninapokaa. Mimi ni ini la Sekela. Sidundi, na siumi upesi. Kwa watu wa mashine, hata nikiungua sauti yangu hutoka ndogo. Wenye figo nzima huanza kuulizwa namba ya ini ikivuka arobaini. Mimi nilizoea kunong'ona nane. Sasa napiga kelele, napiga kelele, na karatasi inasema

KAWAIDA

31

"Ini halina neno, mama," alisema daktari. "Mwisho ni arobaini. Mwezi ujao kaka yako anakupa figo, tunakupandikiza, unaagana na mashine."

Sekela alitaka kupiga vigelegele. Badala yake alikunja karatasi ya majibu, akainuka.

Nesi Tusajigwe alimfuata mlangoni.

"Mama, nyie wa mashine namba zenu huwa chini. Thelathini na moja yako si sawa na ya kwangu. Nimwambie daktari upimwe homa ya ini?"

"Nikikutwa nayo?"

"Chumba cha kioo. Na kupandikizwa kutasimama kwanza."

"Acha nifikirie, mwanangu."

31

Kufikiria gani? Alikuwa anaogopa, basi.

Kiti cha chumba cha kioo kimetandikwa upya. Hakina mgonjwa kwa sasa, lakini mashine ya mle huwashwa kila asubuhi kujaribiwa, nayo hulia mara moja, halafu kimya. Sekela hujikataza kutazama huko. Halafu anatazama.

Siku hizi ule mdomo wa Atupele anauona hata akifumba macho, na maneno yake ameyaelewa.

Usimwachie

mtu.

__

Leo. Muda wa Sekela umekwisha, pamba mkononi ina doa. Anayeingia ni Bupe, mgeni, binti mwenye mtoto anayenyonya. Anatetemeka hadi meno yanagongana. Wenzake wameshamfundisha mila ya mahali.

"Shikamoo, mama. Wameniambia wewe huna uchoyo. Niachie joto."

Chumba kizima kinamtazama. Daktari yupo. Nesi Tusajigwe yupo. Kaka yake yuko nje kwenye benchi, amekuja kupimwa kwa mara ya mwisho, anacheka na mlinzi.

Nyuma ya kioo, mashine inalia mara moja.

Bupe ameshanyoosha mkono. Sekela amelishika blanketi kwa mikono yote miwili, lina moto wake wote.

"Marahaba, mwanangu," anasema. "Hili blanketi