Beberu wa Arubaini

Mume wangu Suleiman, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliniachia binti yetu Mwanapili, minazi iliyo nyuma ya nyumba, na beberu mmoja mweusi mwenye ndevu za kufika kifuani. Kabla ulimi wake haujawa mzito alinishika mkono.

"Arubaini yangu mchinje beberu," akasema. "Usikubali mtu akulishie wageni."

Nilimwelewa. Kwetu Bongwe, wakati ule, aliyewalisha watu wa arubaini ndiye aliyelishika shamba la marehemu mpaka mirathi igawanywe, na mirathi ilikaa bila kugawanywa hadi watoto wakaota mvi. Suleiman alimjua ndugu yake.

Ndugu yake ni Abdurahman, mtu wa safu ya mbele msikitini, mwenye alama ya sijida kwenye paji la uso. Sitamsingizia: alikuwa akiswali kweli. Lakini kila alipokuja kunipa pole, macho yake yalitangulia kwenye minazi ndipo yakarudi kwangu.

Nilikuwa katika eda, sitoki nje. Ulimwengu wangu ulikuwa dirisha la jikoni, na mbele ya dirisha, kwenye mdimu, alifungwa beberu. Majike ya jirani yalikuwa yamepata joto, naye akawa anafanya lile wanalolifanya mabeberu wote: anapinda shingo chini ya tumbo, anakunywa mkojo wake mwenyewe, anajilowesha ndevu, kisha anabenua mdomo juu kama aliyesikia habari njema. Akanuka mpaka barabarani. Hakuna mtoto wa Bongwe asiyelijua jambo hilo. Tumelala na mbuzi ukuta mmoja.

Siku moja Abdurahman akaja na wanaume wawili. Akasimama mbele ya mdimu, akashika kichwa.

"Lahaula! Mama Mwanapili, mnyama huyu anakunywa mkojo!"

"Beberu huyo, shemeji," nikamjibu kupitia dirishani. "Wako wewe anakunywa chai?"

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka.

"Anayekula najisi, nyama yake ni najisi. Ndugu yangu hasomewi hitima watu wakalishwa mkojo."

Maneno yale yakazunguka kijiji kabla ya adhuhuri. Nikamtuma Mwanapili kwa Mwalimu Waziri, anayesomesha watoto Kurani, kumuuliza sheria inasemaje. Mwalimu akaja, akakaa barazani, akanijibu kwa utaratibu: mnyama aliyekula uchafu hufungiwa, akalishwa majani safi na maji safi mpaka harufu imtoke, kisha huchinjwa.

Nikamfungia kwenye kibanda. Majani Mwanapili alikuwa akiyaosha kama mchicha. Lakini kuku anayedonoa jalalani utamwondoa jalalani. Beberu utamwondoa wapi, naye uchafu wake anatembea nao? Kila nikimaliza kuswali alfajiri nachungulia, ndevu zimelowa. Mwanapili akamvalisha pakacha mdomoni. Beberu akalikojolea pakacha, akalifyonza.

Rai, Mduruma aliyekuwa akipita na mbuzi wa kuuza Msambweni, alisimama akacheka mpaka akaketi.

"Mama, mhasi. Akishahasiwa ataacha."

"Kidonda kitapona lini, Rai? Arubaini imefika."

"Basi mleni hivyo hivyo. Kwetu kiangazi kikikaza, ng'ombe wanalambana mkojo kwa kutafuta chumvi, na jioni tunawakamua. Nyinyi watu wa pwani maziwa hayo mnatilia chai, mnasema mashaallah."

Nikamwambia Mwanapili aendelee kuosha majani.

Siku iliyotangulia arubaini, Abdurahman akaja na Mwalimu na nusu ya safu yake ya mbele. Wakamtazama beberu. Beberu, kama aliyelipwa, akapinda shingo akanywa mbele yao.

"Mmeona," akasema Abdurahman. "Mimi nimekwisha toa ng'ombe. Watu watakula kwangu. Shemeji asisumbuke, yeye ni mtu wa eda."

Hapo nikasogea dirishani. Sikupaza sauti.

"Shemeji, mwaka ule macho yako yalipogeuka manjano, mganga alikuagizia nini?"

Akaivuta kofia yake.

"Alikuagizia mkojo wa ndama. Nami ndiye niliyeukinga, nikaukoroga na asali. Suleiman alikushika kichwa usije ukautapika. Ukanywa mpaka ukapona, alhamdulillahi."

"Kumbe!" mmoja akapiga kofi. "Ndiyo maana umeijua harufu toka mbali!"

Wakaangua kicheko. Abdurahman uso ukamwiva.

"Ile ilikuwa dawa! Dharura! Mwalimu, si dharura hiyo?"

"Ni dharura," akasema Mwalimu.

"Na mjane wa eda asiye na mnyama mwingine, mwalimu, yeye ana nini?"

Mwalimu akayatazama makubadhi yake. Kisha akanisogelea dirishani, akasema chini chini, "Kumla huyu ni makruhu tu, dada yangu. Si haramu."

"Waambie hao. Mimi nimekwisha sikia."

Akakohoa. Akasema jua ni kali, twendeni.

Alfajiri yake Mwalimu alirudi peke yake, watu hawajaamka. Akamchinja beberu kwa bismillahi, akanawa mikono, akaondoka. Hata uji hakuungoja. Namshukuru kwa kisu chake. Kwa ulimi wake bado namngoja.

Nilimpika beberu yule na tangawizi, thumu na bizari mpaka harufu ikasalimu amri. Mwanapili akatandika mikeka yote ya nyumba. Hitima ikasomwa msikitini, na watu wakatoka, nikawaona kwa dirisha langu wakipita. Waliomcheka Abdurahman jana ndio waliotangulia kwenda kwake. Mmoja aligeuza uso akainusa sufuria yangu, nikaona koo linapanda na kushuka, lakini miguu ilifuata wenzake.

"Mama, hawaji?"

"Wana ng'ombe, mwanangu."

Aliyekula ni Rai na wenziwe, wakasifu, wakaniombea Suleiman kwa Mungu kwa namna wanavyoomba wao. Lakini hao hawakuwa watu wa hitima, na chakula chao hakikuhesabika. Rai aliichukua ngozi, akaiwamba, akaitia magome ya mkoko ilainike.

Eda haijaisha, wakwezi wa Abdurahman wakapanda minazi ya Suleiman.

Ngozi iliporudi ilikuwa laini, nyeusi, haina harufu yoyote. Habari zikamfika. Akaja mchana, wakwezi wake wakiwa juu, akabisha hodi kwa adabu zote.

"Shemeji, nimesikia ile ngozi imetoka nzuri. Nawe unajua, ngozi ikishatiwa dawa inatoharika. Nilikuwa naitaka ya kuswalia."

Nilimtazama kwa dirisha. Hakuwa na haya hata kidogo. Alikuwa mtu anayeomba kitu safi.

"Adhana imekwisha lia, shemeji," nikamwambia, "nami sina msala mwingine."

Nikaitandika ngozi, nikaelekea kibla, nikakunja mikono kifuani. Nyuma ya nyumba nazi zilikuwa zikianguka. Nikairefusha sijida yangu, nikamwachia Mungu yaliyosalia, na yeye Abdurahman nikamsikia bado amesimama pale mlangoni, anangoja nimalize.