Chupa Thelathini na Sita za Machi

Kosa lilikuwa langu, na nalitaja mapema asije mtu akanisaidia kulitaja. Watu hufungwa kwa kutia sumu. Mimi nusura nifukuzwe kazi kwa kusahau kuitia.

Niko maabara ya bahari mwaka wa ishirini na mbili huu, fundi mwenye diploma moja na magoti mawili yanayolalamika. Kazi yangu ni chupa. Tunatoka na boti, tunachota maji ya bahari, ya juu na ya chini kabisa, tunajaza chupa, na kila chupa inatiwa matone ya sumu ya zebaki kabla ya kuzibwa. Maana ndani ya maji mna vijidudu, na vijidudu ni kama mashemeji waliokuja kutembea: ukiwafungia ndani wanaendelea kula na kupumua. Wakipumua, maji yanachachuka. Ukija kuyapima baada ya wiki tatu unapima pumzi zao, hupimi bahari.

Safari ya Machi nilikuwa na jino. Shavu limevimba kama nimeficha andazi. Nikajaza chupa thelathini na sita, nikapaka vizibo grisi, nikazipanga vizuri kwenye makreti. Sumu ikabaki sandukuni.

Aliyegundua ni Daktari. Si wa sindano, huyu ni wa maji: miaka kumi na saba anapima mahali palepale, mwezi hadi mwezi, aone asidi inavyozidi baharini. Alianza hajaolewa, leo mwanawe anamzidi urefu. Alitazama namba kwenye kompyuta, kisha akanitazama mimi.

"Kaka, bahari imezeeka miaka ishirini kwa mwezi mmoja?"

"Labda ina matatizo nyumbani, dada."

"Kalete kichupa cha sumu."

Nikakileta. Utepe wa kifuniko haujakatwa. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Akafungua daftari kubwa, akanipa kalamu. Kwetu namba haifutwi kwenye kompyuta hata ikiwa mbovu vipi. Inabaki ilipo, na hukumu yake inaandikwa daftarini. Nikaandika: Sumu haikutiwa. Namba za Machi zisitumike. Nikasaini, naye akasaini, tukaendelea na maisha.

Sasa njoo kwa mkurugenzi wetu. Tunamwita Kiyoyozi, maana hatoki kwenye baridi ya ofisi yake. Boti ameipanda mara moja tu, ikiwa bado imefungwa gatini, na akatapika.

Mwezi wa Agosti likabandikwa bango koridoni. Mkutano mkubwa, wageni wa baraza la sayansi wanakuja kuchagua nani aongoze kituo kipya cha utafiti wa bahari. Msemaji mkuu, Kiyoyozi. Katikati ya bango, grafu ya Daktari, miaka yake yote kumi na saba. Jina lake halipo. Chini kabisa, kwa herufi za sisimizi: Shukrani kwa wafanyakazi wa maabara.

Na mwishoni mwa ile grafu, iliyoishia Machi, mstari wa pH, ule unaoshuka asidi ikizidi, unaporomoka kama umesukumwa. Nilizitambua chupa zangu kama mzazi anavyomtambua mwanawe mtukutu kwenye picha ya darasa.

Daktari nilimkuta amesimama mbele ya bango, mkoba begani, hajaingia hata ndani.

"Kituo hicho nilikiomba mimi," akasema. "Maombi yangu yalipitia mezani kwake. Akaniambia sina utafiti mkubwa wa kuonyesha."

"Kumbe alikuwa anaukalia."

"Niwaandikie bodi tena?"

Aliwaandikia mwaka juzi, Kiyoyozi alipompora makala ya kwanza. Wakajibu kwamba barua imepokelewa. Mpaka leo imepokelewa.

"Usiandike," nikamwambia. "Dada, hebu itazame Machi."

Akasogea karibu. Akaitazama muda mrefu, kisha akacheka, na halikuwa cheko la kumwonyesha mtoto.

"Ameichukua kwenye kompyuta. Daftari hakufungua."

"Daftari linachafua vidole."

"Basi kaka, tusimwamshe."

Wiki mbili zile nilizimung'unya kama pipi. Nikioga nacheka, nikivaa soksi nacheka. Mama watoto akaniuliza, "Wewe, umepata mwanamke?" Nikamwambia nimepata mwanamume, na nitamla nyama. Kisha nikamweleza kwamba saini kwenye ule ukurasa ni yangu, na siku utakaposomwa huenda nikarudi nyumbani bila kazi. Akanitazama, akasema, "Haya, mle basi. Lakini mmalize."

Siku tatu kabla ya mkutano Kiyoyozi akaniita. Nafasi ya kumwokoa niliipata, sidanganyi.

"Wewe fundi, hizi namba ziko sawa? Machi imeshuka mno."

"Ndivyo mashine ilivyozitoa, bosi."

"Una hakika?"

"Kila kitu kimeandikwa daftarini. Nikuletee?"

Akapunga mkono kama anafukuza nzi. "Daftari la nini? Huko kushuka ndiko kutakakowashtua wageni."

Nikatoka, nikamfungia mlango polepole, baridi yake isije ikapotea.

Siku ikafika. Ukumbi umejaa, mimi niko safu ya nyuma na nahodha wa boti. Kiyoyozi kapendeza, kasimama kwenye maikrofoni. "Mwezi Machi," akasema, "bahari yetu ilipiga yowe, na mimi nililisikia." Wageni wakaandika. Mwenyekiti wa baraza, mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, akaruhusu maswali. Daktari akanyoosha mkono.

"Chupa za Machi zilitiwa sumu?"

"Bila shaka. Nilisimamia mwenyewe, kwenye boti."

Nahodha akapaliwa na mate. Nikampiga mgongoni.

Daktari akatembea hadi mbele na daftari kifuani, akalifungua mezani kwa mwenyekiti, akaweka kidole kwenye mstari. Mama yule akavaa miwani, akausoma kwenye maikrofoni ya mezani kwake, taratibu, mpaka kwenye saini mbili. Shingo zikageuka kunitafuta. Nikaacha zinipate. Akafunua kurasa za nyuma, na za nyuma yake, miaka kumi na saba, mwandiko mmoja tu, wa Daktari.

"Mkurugenzi," akasema, "saini yako iko ukurasa gani?"

Kiyoyozi akaanza kupekua karatasi za hotuba yake. Mwenyekiti akamgeukia Daktari, akamvutia kiti cha pembeni yake. "Kaa hapa, tupitie wote," akamwambia. "Tuanze ule mwaka wa kwanza." Daktari akakaa. Hakumtazama mkurugenzi tena, na hilo nadhani lilimuuma kuliko lolote.

Jasho linamtiririka Kiyoyozi shingoni, na huko ukumbini baridi ipo. Akatazama safu kwa safu hadi akanifikia. Mimi nikavuta kiti nikae vizuri.

"Fundi," akasema. "Ndugu yangu. Hebu simama, waambie nilikuwa botini."

Nahodha akawa anatazama kucha zake. Kwenye meza ya mbele kurasa zinafunuliwa, moja baada ya nyingine.

Akaiacha maikrofoni, akaja hatua mbili upande wangu.

"Waambie basi, kaka. Nakuomba."