Banda Lenye Dari

Fundi seremala alibakiwa na ndoto moja tu: kumjengea mkewe nyumba. Alimwahidi siku alipomposa, na tangu hapo wamezeekea kwenye vyumba viwili vya kupanga, wenye nyumba wakibadilika na ahadi ikibaki palepale. Viwanja vya mjini bei haishikiki. Kilichokuwapo ni shamba ambalo mke aliachiwa na baba yake, na huko serikali ilishasema ni ukanda wa kilimo. Kulima ruksa, kufuga ruksa, nyumba ya kuishi marufuku.

"Na banda la ng'ombe je?" aliuliza kwenye ofisi ya mipango.

"Hilo ruksa."

Basi! Mzee akajiona mjanja kuliko mji mzima. Akachukua kibali cha banda, akaanza kujenga. Akamdanganya hata mkewe kuwa ni banda, akitaka kumshangaza siku ya kuhamia.

Tatizo lilikuwa mikono yake. Jamani, mikono ile haikujua kulipua kazi! Fremu za madirisha alizipiga randa mpaka zikateleza. Dari akaisawazisha kwa pima maji. Mlango ndio usiseme: mbao ngumu, umepigwa msasa na vanishi, na kitasa cha kung'aa.

Mkaguzi alipokuja, mama mmoja mpole mwenye viatu vya matope, alisimama mbele ya mlango ule kwa muda. Mke naye aliacha kupalilia maharage, akasogea kusikiliza.

"Mzee wangu," mkaguzi akasema, "huyu ng'ombe wako huwa anabisha hodi?"

Seremala akacheka peke yake. Mkaguzi hakufoka. Alimwonyesha tu ng'ambo ya barabara, mabati yalikobanana hadi mlimani.

"Kule nako kulikuwa mashamba. Toa dari, toa mlango, ingiza ng'ombe. La sivyo tutabomoa."

Akaaga kwa adabu, akaenda zake.

Mke akaingia ndani, akachungulia huku na huku. "Kumbe ng'ombe ana chumba cha kulala!"

"Nilikuahidi nyumba, mama watoto." Mzee aliona aibu. "Nitakufa sijakupa."

"Marehemu baba angekuona unamwaga zege kwenye udongo wake, angekutimua na jembe." Akaisogeza ngazi. "Haya, panda tuitoe hiyo dari."

Akapanda. Mke alishika ngazi kwa mkono mmoja na kupokea mbao kwa mwingine. Wakaendelea hivyo, ubao kwa ubao, mpaka uzalendo ukamshinda mzee.

"Usinichukie," akasema kule juu.

"Kwa lipi?"

"Kwa kukuweka kwenye nyumba za watu maisha yako yote."

Mke akauegemeza ubao ukutani taratibu, akamtazama.

"Wewe mwanamume, miaka yote hii ulidhani naishi wapi? Si kwako?"

Seremala akashuka ngazi, maana misumari alikuwa haioni tena.